Fred Hollows: Daktari wa macho aliyewahesabu wasiohesabiwa

Na Mwandishi Wetu

FEBRUARI 10, 1993, jijini Sydney, Australia, alifariki dunia daktari bingwa wa macho ambaye kwa zaidi ya miaka 25 alikuwa mwiba kwa mawaziri, kwa baadhi ya madaktari wenzake na kwa yeyote aliyethubutu kumweleza kuwa upofu wa watu maskini ni jambo la kawaida. Jina lake lilikuwa Fred Hollows.

Serikali ilimwandalia mazishi ya kitaifa, na ibada ikafanyika katika Kanisa Kuu la St Mary's jijini humo, ingawa marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa dini. Kisha mwili wake ukasafirishwa hadi Bourke, mji mdogo ulio umbali wa takriban kilometa 800 kutoka Sydney, ukazikwa katika ardhi kame alikowahi kuwatibu macho Waaborijini, wakazi wa asili wa nchi hiyo.

Wengi humkumbuka kwa sababu ya lenzi za bei nafuu zilizowarejeshea kuona watu wa Nepal, Eritrea na Vietnam. Hata hivyo, sifa hiyo ilikuja mwishoni mwa maisha yake. Mizizi yake ni kazi nyingine ambayo haikuwa na mvuto wa magazeti, nayo ni kazi ya kuhesabu.

Hollows aliamini kuwa daktari anayekaa kliniki akisubiri wagonjwa waje hawezi kuujua ukubwa wa ugonjwa. Anaowaona ni wale wenye nauli, wenye habari na wenye ujasiri wa kuingia hospitali. Waliobaki nyumbani hawamo katika daftari lake, na asiyekuwamo katika daftari hapangiwi bajeti.

Elimu ya namna hiyo, inayochunguza jinsi magonjwa yanavyotokea na kusambaa katika jamii nzima badala ya kumtazama mgonjwa mmoja mmoja, huitwa epidemiolojia. Kwa Hollows, ilikuwa silaha.

Mtoto wa dereva wa treni

Frederick Cossom Hollows alizaliwa Aprili 9, 1929 katika mji wa Dunedin, kusini mwa New Zealand, katika familia ya watoto wanne wa kiume. Baba yake alikuwa dereva wa treni. Baadaye familia ilihamia Palmerston North, na huko ndiko kijana huyo alikosoma sekondari.

Katika ujana wake alikusudia kuwa mhubiri, na kwa muda mfupi alisomea kazi hiyo katika chuo cha dini. Lakini alipokwenda kujitolea katika hospitali ya wagonjwa wa akili na kuwaona madaktari wakiwa kazini, moyo wake ulihama. Aliacha mahubiri, akajiunga na shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Otago.

Huko alijulikana kwa mambo mawili zaidi ya masomo. La kwanza ni kupanda milima, kazi iliyomjenga mwili na kumzoesha kukaa siku nyingi porini bila starehe. La pili ni siasa. Katika miaka ya 1950 na 1960 alikuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti cha New Zealand, na ingawa baadaye uanachama huo ulikoma, imani yake kwamba binadamu wote wana haki sawa haikumtoka hadi kaburini.

Mwaka 1961 alikwenda Uingereza kusomea ubingwa wa macho katika Hospitali ya Moorfields, London. Kutoka hapo alielekea Wales, na huko akakutana na mtu aliyeubadilisha mwelekeo wa maisha yake.

Somo la wachimba makaa

Mtu huyo alikuwa Archie Cochrane, daktari wa Kiskoti aliyewahi kuwatibu mateka wenzake katika kambi za Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Baada ya vita, Cochrane alijikita katika bonde la Rhondda Fach, eneo la wachimba makaa ya mawe, akichunguza ugonjwa wa mapafu unaosababishwa na vumbi la migodini.

Cochrane alikuwa na msimamo ambao wengi waliuona kuwa ni ukaidi. Hakuridhika kuwapima nusu ya watu, wala robo tatu. Alitaka wapimwe zaidi ya tisa katika kila kumi, kwa hoja kwamba wale wachache wanaokosekana huenda ndio walio wagonjwa kuliko wote. Wasaidizi wake walirudi katika nyumba ile ile mara ya pili na ya tatu hadi mlango ufunguliwe.

Hollows, akishirikiana na daktari mwenzake Peter Graham, alitumia mtindo huo huo kuchunguza macho ya wakazi wa Ferndale, mji mdogo uliomo katika bonde hilo. Walilenga watu wa umri wa kuanzia miaka 40 hadi 74, wakafanikiwa kuwapima zaidi ya watu 4,000, yaani zaidi ya asilimia 90 ya wote waliostahili kupimwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1966, nayo yaliwashangaza wataalamu. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kuwa kila mwenye shinikizo kubwa ndani ya jicho ana glakoma, ugonjwa unaoua mshipa wa kuonea taratibu. Ferndale ilionyesha kuwa watu wengi wenye shinikizo kubwa hawakuwa na dhara lolote, huku baadhi ya walioathirika wakiwa na shinikizo la kawaida.

Ukweli huo usingeonekana kliniki, kwa kuwa mwenye shinikizo kubwa asiyeumwa hana sababu ya kumwona daktari. Ulionekana kwa sababu mji mzima ulipimwa. Utafiti huo bado hutajwa na wataalamu wa macho hadi leo.

Hilo ndilo somo ambalo Hollows alitoka nalo Wales. Mwaka 1965 alihamia Australia, akawa profesa mshiriki wa tiba ya macho katika Chuo Kikuu cha New South Wales, na mkuu wa idara ya macho katika Hospitali ya Prince of Wales, Sydney. Idara hiyo aliiongoza hadi mwaka 1992.

Watu nje ya hesabu

Australia aliyoikuta ilikuwa nchi tajiri yenye hospitali za kisasa. Lakini ilikuwa pia nchi ambayo katiba yake, tangu ilipoanza kutumika mwaka 1901, ilielekeza kuwa Waaborijini wasijumuishwe katika idadi rasmi ya watu wa taifa.

Kifungu hicho kilifutwa kwa kura ya maoni ya Mei 27, 1967, ambapo zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura waliunga mkono mabadiliko. Kwa hiyo, Hollows alipoanza kazi jijini Sydney, wenyeji wa asili wa nchi hiyo walikuwa bado wako nje ya hesabu ya taifa lao wenyewe.

Wakati huo, katika jimbo la Northern Territory, Waaborijini wa kabila la Gurindji walikuwa katika mgomo. Agosti 1966, wakiongozwa na Vincent Lingiari, waliacha kazi ya kuchunga ng'ombe katika shamba la Wave Hill lililomilikiwa na kampuni ya Kiingereza ya Vestey. Walianza kwa kudai ujira wa haki, kisha wakadai kurudishiwa ardhi ya mababu zao. Waliweka kambi mahali paitwapo Wattie Creek, ambapo wenyewe hupaita Daguragu.

Mwandishi wa vitabu Frank Hardy, aliyekuwa akiwasaidia wagomaji hao, alimkutanisha Hollows nao. Mwaka 1968 daktari huyo alifunga safari hadi Wattie Creek, na alichokiona huko kilimshtua.

Aliwakuta watoto wenye macho mekundu yanayotoka usaha, na wazee waliopofuka kwa ugonjwa ambao kwa wazungu wa Australia ulikuwa umebaki katika vitabu vya historia. Ugonjwa huo ni trakoma, ambao Waswahili wengi huuita vikope.

Ugonjwa wa maji na nyumba

Trakoma husababishwa na bakteria. Huambukizwa kutoka mtoto mmoja hadi mwingine kwa mikono, kwa vitambaa vya kufutia uso na kwa nzi wanaotua machoni na puani. Mtoto akiambukizwa mara moja na kupona, jicho lake huwa salama. Tatizo ni pale anapoambukizwa tena na tena kwa miaka.

Maambukizi hayo ya kurudia huacha makovu ndani ya kope ya juu. Makovu yanapokaza, kope hugeukia ndani, na nywele zake huanza kukwaruza kioo cha mbele cha jicho kila mtu anapopepesa. Mwisho wa maumivu hayo ni upofu, ambao kwa kawaida humfika mtu akiwa mtu mzima, miaka mingi baada ya maambukizi ya utotoni.

Ikumbukwe kuwa katika karne ya 19 ugonjwa huo uliwasumbua pia walowezi wa kizungu wa Australia. Kwao ulitoweka pole pole nyumba zilipoboreka na maji yalipofika majumbani, hata kabla ya kupatikana kwa dawa za kisasa.

Kutokana na historia hiyo, Hollows alifikia hitimisho ambalo halikuwapendeza watawala. Ikiwa ugonjwa uliondoka kwa wazungu walipopata maji na nyumba, basi kuwapo kwake kwa Waaborijini ni ushahidi kuwa wao hawakupewa maji wala nyumba.

Hollows hakuwa daktari wa kwanza kuiona hali hiyo. Padri Frank Flynn, aliyekuwa pia daktari wa macho, aliiandika katika miaka ya 1940, na mwanamama Ida Mann aliichunguza huko Australia Magharibi katika miaka ya 1950. Kilichokosekana ni hesabu ya nchi nzima, ambayo hakuna waziri angeweza kuikana.

Kliniki ya Redfern

Kabla ya hesabu hiyo, kulikuwa na kazi ya mjini. Redfern ni kitongoji cha Sydney ambako Waaborijini wengi walihamia wakitafuta kazi. Wengi wao waliogopa kwenda hospitali kwa sababu ya dharau waliyokutana nayo huko, na wengine hawakuwa na fedha za kumlipa daktari.

Mwaka 1971 ilifunguliwa hapo Huduma ya Tiba ya Waaborijini, ya kwanza nchini humo kuendeshwa na jamii yenyewe. Miongoni mwa walioiasisi walikuwamo wanaharakati Gordon Briscoe na Shirley Smith, mama aliyesifika kwa kuwatembelea wafungwa. Hollows alikuwa mmoja wa madaktari waliojitolea kuwatibu wagonjwa na kuwashawishi wenzao wajiunge.

Jambo la kuzingatia hapa ni nani aliyekuwa mkuu wa nani. Katika kliniki hiyo uamuzi ulikuwa wa Waaborijini, na daktari mzungu alikuwa mtumishi wao. Mfano huo ulienea, na baadaye kliniki za namna hiyo zilianzishwa katika sehemu nyingi za Australia.

Safari ya miaka mitatu

Mwaka 1976, baada ya msukumo wa muda mrefu, chama cha madaktari wa macho wa Australia kilikubali kuendesha Programu ya Kitaifa ya Trakoma na Afya ya Macho kwa fedha za serikali kuu. Hollows aliteuliwa kuwa mkurugenzi. Miongoni mwa wasaidizi wake wakuu walikuwamo Briscoe, na daktari kijana aliyeitwa Hugh Taylor.

Timu zilizunguka bara hilo kwa magari na ndege ndogo, kuanzia majangwa ya kati hadi pwani ya kaskazini. Maofisa wa Kiaborijini walitangulia katika kila kambi kuzungumza na wazee na kuwaeleza wageni wanakuja kufanya nini. Hollows alijua kuwa bila idhini ya wazee hao, wale ambao Cochrane aliwaita muhimu kuliko wote, yaani wasiofika, wasingefika.

Kila aliyefika alipimwa, awe anaumwa au haumwi. Kope iligeuzwa, ikatazamwa kwa kioo cha kukuza, na kilichoonekana kikaandikwa kwenye fomu. Aliyehitaji miwani alipimiwa, aliyehitaji dawa alipewa, na aliyehitaji upasuaji alipangiwa.

Hadi kazi ya uwandani ilipomalizika, timu hizo zilikuwa zimefika katika jamii zaidi ya 460 na kuwapima watu wapatao 100,000, ambao kati yao takriban 62,000 walikuwa Waaborijini. Watu zaidi ya 27,000 walipatiwa matibabu ya trakoma, na upasuaji upatao 1,000 ukafanyika.

Katika safari hizo alikuwamo pia mtaalamu wa macho Gabi O'Sullivan. Hollows, ambaye mke wake wa kwanza alifariki mwaka 1975, alifunga naye ndoa mwaka 1980.

Kazi hiyo haikukosa vikwazo. Mwaka 1977, waziri mkuu wa jimbo la Queensland, Joh Bjelke-Petersen, alilalamika kuwa wafanyakazi wawili wa Kiaborijini waliokuwa katika programu hiyo walikuwa wakiwaandikisha watu kupiga kura. Kazi katika jimbo hilo ilisimamishwa kwa muda.

Mgogoro huo ulifichua mengi. Kumwandika mtu katika fomu ya macho na kumwandika katika daftari la wapiga kura ni mambo mawili tofauti, lakini yote mawili yanakiri kuwa mtu huyo yupo. Kwa watawala waliozoea kutowaona Waaborijini, hata fomu ya daktari ilikuwa hatari.

Ripoti na nishani iliyokataliwa

Ripoti ya programu ilitolewa mwaka 1980. Kwa mara ya kwanza taifa lilipata picha kamili ya macho ya wenyeji wake wa asili, jamii kwa jamii. Ripoti haikuishia kwenye dawa na upasuaji, bali ilieleza pia hali ya nyumba, maji na usafi wa mazingira, na kuonyesha kuwa huko ndiko chanzo kilipo.

Serikali ilikubali sehemu iliyokuwa rahisi. Madaktari wa macho walianza kupelekwa vijijini, na baadhi ya huduma zikakabidhiwa kwa jamii zenyewe. Lakini mabomba na nyumba havikuja kwa kasi aliyoitarajia Hollows.

Ndiyo maana mwaka 1985, alipopewa nishani ya taifa ya Australia, aliikataa ili kupinga uzembe wa serikali katika afya ya Waaborijini. Hakuona sababu ya kuvishwa medali kwa ajili ya kazi ambayo waliomvisha walikuwa hawajaimaliza.

Miaka michache baadaye msimamo wake ulilegea kidogo. Alitangazwa kuwa Mwaustralia Bora wa Mwaka 1990, na mwaka 1991 alikubali nishani ya daraja la juu zaidi. Wakati huo alikuwa tayari anaumwa saratani, na alitambua kuwa umaarufu huo ungemsaidia kuchangisha fedha kwa ajili ya kazi iliyobaki.

Kutoka Redfern hadi Asmara

Mwaka 1985 Hollows alitembelea Nepal, na mwaka 1987 Eritrea, ambayo wakati huo ilikuwa katika vita vya ukombozi dhidi ya Ethiopia. Huko alikuta ugonjwa mwingine unaopofua maskini kwa mamilioni, nao ni mtoto wa jicho.

Ugonjwa huo hutokea pale lenzi ya asili iliyomo ndani ya jicho inapopata ukungu. Katika nchi tajiri, wakati huo madaktari walikuwa tayari wanaitoa lenzi hiyo na kupandikiza nyingine ya plastiki. Katika nchi maskini lenzi ilitolewa tu, na mgonjwa akapewa miwani mizito. Miwani ilipovunjika au kupotea, upofu ulirudi.

Sababu iliyotolewa ilikuwa bei. Lenzi moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 100 za Marekani, na wataalamu wengi walisema teknolojia hiyo si ya watu maskini. Hollows aliipinga kauli hiyo kwa nguvu zote. Kwa mtazamo wake, ilikuwa ubaguzi ule ule alioukuta Wattie Creek, uliovaa koti la kitaalamu.

Aliwavutiwa sana na Waeritrea. Katikati ya vita, wakiwa mafichoni milimani, madaktari wao walikuwa wakiendesha hospitali chini ya ardhi na kutengeneza baadhi ya dawa zao wenyewe. Aliamini kuwa watu wa namna hiyo wanaweza pia kutengeneza lenzi.

Kutoka Nepal alikuja Sydney daktari kijana aliyeitwa Sanduk Ruit kujifunza kwake, akarudi nyumbani na kuwa mmoja wa wapasuaji mashuhuri wa mtoto wa jicho duniani. Mwaka 1992, mezani nyumbani kwa Hollows, marafiki na familia walianzisha Mfuko wa Fred Hollows kwa lengo la kujenga viwanda vya lenzi na kuwafundisha wapasuaji.

Mwaka huo huo, saratani ikiwa imemsambaa mwilini, alisafiri hadi Hanoi, Vietnam, kutimiza ahadi ya kuwafundisha zaidi ya madaktari 300 wa nchi hiyo upasuaji wa kisasa.

Hakuwa malaika. Ulimi wake ulikuwa mkali, na matusi hayakuwa mbali na kinywa chake. Mwaka 1992, katika mkutano kuhusu UKIMWI uliofanyika Alice Springs, alizua mabishano makubwa alipowalaumu wanaharakati wa mashoga kwa jinsi mapambano dhidi ya ugonjwa huo yalivyokuwa yakiendeshwa, na kutaka hatua kali dhidi ya waambukizwa aliodai kuwa wanaueneza kwa kutojali. Alihofia maafa miongoni mwa Waaborijini, lakini kauli zake ziliwaumiza watu waliokuwa wakifiwa na wenzao kila siku.

Hakuishi kuviona viwanda vyake. Viwanda vya lenzi vya Asmara na Kathmandu vilianza kazi baada ya kifo chake, kuanzia mwaka 1994, na bei ya lenzi ikashuka hadi chini ya dola 10. Eritrea nayo ilipata uhuru Mei 1993, miezi mitatu baada ya yeye kuzikwa.

Hesabu yafika Kongwa

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, habari hii si ya ng'ambo peke yake. Hugh Taylor, yule daktari kijana aliyefanya kazi na Hollows katika majangwa ya Australia, alijiunga baadaye na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani. Katika miaka ya 1980, yeye na mtafiti Sheila West, wakishirikiana na wataalamu wa Kitanzania, walichunguza trakoma katika vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma.

Walitumia njia ile ile ya kwenda kwa watu na kuwapima. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulihusisha ugonjwa huo na hali ya usafi majumbani, na mwaka 1995 ulichapishwa mwingine ulioonyesha kuwa, dawa zikienda pamoja na kampeni ya kuwaosha watoto nyuso, trakoma kali hupungua.

Ushahidi wa Kongwa ni miongoni mwa nguzo za mkakati ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) huutumia dhidi ya trakoma, wenye mambo manne: upasuaji wa kope, dawa, usafi wa uso, na uboreshaji wa mazingira.

Burundi nayo ina funzo lake. Hadi mwaka 2007 trakoma haikujulikana kuwa ni tatizo nchini humo, mpaka serikali ilipoanza kuchunguza magonjwa yaliyosahauliwa. Upimaji wa mwaka 2009 na 2010 ukathibitisha kuwa ugonjwa upo, dawa zikagawiwa, na Julai 2025 WHO ikatangaza kuwa Burundi imeutokomeza kama tatizo la afya ya jamii. Mfuko wa Fred Hollows nao umefanya kazi za macho nchini humo, pamoja na Kenya na Rwanda.

Deni la Australia

Huko Australia kwenyewe safari ilikuwa ndefu zaidi. Mwaka 2008, Taylor akiwa amerejea nyumbani, aliongoza upimaji mwingine wa kitaifa. Ulibaini kuwa watu wazima wa jamii za asili walikuwa wakipofuka mara sita zaidi ya Waaustralia wengine, na kwamba trakoma ilikuwa bado ipo katika kambi za mbali, miaka 28 baada ya ripoti ya Hollows. Hakuna nchi nyingine tajiri iliyokuwa na aibu hiyo.

Mwaka uliofuata serikali ya Kevin Rudd ilitenga fedha za kuutokomeza ugonjwa huo. Upimaji mwingine uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha pengo la upofu limeshuka kutoka mara sita hadi mara tatu. Lengo la kumaliza trakoma kufikia mwaka 2020, hata hivyo, lilipita bila kutimia.

Takwimu hizo zinaeleza mambo mawili kwa pamoja. Zinaeleza kuwa upofu huo unaweza kupunguzwa, na zinaeleza pia ni miaka mingapi ilipita kati ya kujua na kutenda. Pasipo hesabu ya mwaka 1976, Australia ingeweza kuendelea kusema kuwa haikujua. Baada yake, kisingizio hicho hakikuwapo tena, na kilichobaki ilikuwa kuulizana ni nani atakayechimba visima na kujenga nyumba.